Msumeno Mkubwa Ulibaki Chini: Tathmini ya Vifaa vya Kupogolea Miti Dodoma

Kwa misimu minne ya mvua sasa nimekuwa nikiongoza kikosi cha watu watatu kinachopogoa na kuangusha miti katika nyumba za watu, shule na makanisa ya Dodoma, kuanzia Makole na Area C hadi Ihumwa na Chamwino, na kazi hiyo imenifanya ninunue, nitengeneze na nitupe vifaa vingi kuliko nilivyotarajia nilipoanza. Tathmini hii inahusu vifaa vilivyokuwa stooni kwangu hadi wiki iliyopita: misumeno mitatu ya mnyororo, msumeno mmoja wa mkono, na seti ya kupandia yenye kamba, mkanda na karabina, yaani pete za kuunganishia zinazofunguka na kufungwa. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda. Kifaa kilichorudisha fedha yangu kuliko vyote ni msumeno wa mkono wenye ubapa uliopinda, na fedha niliyoitumia vibaya kuliko zote ni ile ya msumeno mkubwa, ambao ni mashine nzuri sana kwa kazi ambayo mimi sina.

Asiyeijua kazi ya miti ya mjini hudhani kwamba tunaangusha magogo porini. Mti wetu wa kila siku ni mwarobaini uliopandwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kivuli, ukakua juu ya bati la nyumba, ukagusa waya wa umeme, na sasa mwenye nyumba ameshtuka kwa sababu tawi limepasuka katika dhoruba ya kwanza ya Desemba. Baada yake huja mjohoro, mkaratusi, mkrismasi na mjakaranda, na ukitoka nje ya mji unakutana na migunga na mikwaju ambayo mti wake ni mgumu kiasi cha kumfanya mtu aikague cheni akidhani ameifunga kinyume. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni chini ya milimita 600. Miezi inayobaki ni ya upepo na vumbi. Vumbi hilo ndilo linaloamua uhai wa mashine, na watengenezaji walioandika vitabu vya maelekezo hawakuwa na Dodoma akilini.

Nianze na misumeno ya mnyororo. Yote mitatu ni ya STIHL, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1926, na sababu ya kuichagua haikuwa mapenzi ya jina, bali ni kwamba spea zake ninazipata na mafundi wengi wanaijua kwa kuifungua na kuifunga. Husqvarna ya Uswidi nimeitumia ya kuazima na sina neno baya juu yake. Anayeishi karibu na fundi anayeifahamu atakuwa hajakosea akiichukua. Kwa mtu wa hapa, swali la kwanza dukani lisiwe nguvu ya mashine, liwe ni nani atakayeibadilishia kabureta mwezi wa nane wakati kazi imebana.

Mdogo ni MS 170, wenye injini ya sentimita za ujazo 30.1 na nguvu ya kilowati 1.2, na uzito wa takriban kilo 4 bila mafuta, bila cheni na bila lile bapa refu linalobeba cheni. Mtengenezaji anauelezea kama msumeno wa nyumbani, wa kuni na usafi wa bustani, na maelezo hayo ni ya kweli: kwa matawi yenye unene wa mkono hadi paja unafanya kazi kwa adabu, lakini ukiulazimisha kwenye shina la mkwaju utachoka nao pamoja. Wa kati ni MS 250, wenye sentimita za ujazo 45.4, kilowati 2.3 na kilo 4.6, na huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi yetu ya chini. Mkubwa ni MS 381, wenye sentimita za ujazo 72.2, kilowati 3.9 na kilo 6.6. Weka bapa la sentimita 63, jaza matangi yote mawili, kisha ushike kwa dakika 20 ukiwa umeinama juu ya gogo. Mgongo wako utakueleza mengine.

Tofauti ya kilo 2 kati ya wa kati na mkubwa inaonekana ndogo kwenye karatasi. Nilipoununua ule mkubwa nilikuwa nimesikiliza vijana waliozoea kupasua mbao, ambao kwao msumeno mdogo ni jambo la kuchekesha, na nikasahau kwamba wao wanasimama ardhini siku nzima na gogo limelala mbele yao. Katika mwaka mzima uliopita nimeuwasha mara tano. Mara zote tano ulifanya kazi yake vizuri ajabu, hasa kwenye mkaratusi mmoja mnene wa shuleni ambao MS 250 ungeukata nusu siku, lakini kwa kazi tano ningeweza kukodi.

Kabla ya hiyo mitatu palikuwa na wa nne, ambao sitautaja kwa jina kwa sababu jina lililoandikwa juu yake halikuwa lake. Ulikuwa na rangi ya chungwa na nyeupe, bei yake ilikuwa karibu theluthi ya bei ya wakala, na muuzaji mmoja wa mjini alinihakikishia kwamba ni mzigo uleule ila umepitia njia nyingine. Wiki ya tatu breki ya cheni ilikataa kushika. Kwa asiyejua, breki hiyo ni ule mkono wa plastiki ulio mbele ya kishikio, ambao msumeno ukiruka kuelekea usoni unasukumwa na mkono wako na kuisimamisha cheni mara moja. Msumeno huruka hivyo pale sehemu ya juu ya ncha ya bapa inapogusa kitu kigumu. Mashine isiyo na breki hiyo sio ya bei nafuu, maana hospitali huwezi kupatana bei. Tangu siku hiyo nikiwa dukani nafanya mambo mawili kabla ya kutoa fedha: nasoma namba ya mashine iliyogongwa kwenye mwili wake na kuilinganisha na iliyo kwenye karatasi, kisha naomba iwashwe na breki ijaribiwe mbele yangu. Muuzaji anayenuna kwa ombi hilo ameshanijibu.

Sasa cheni, ambako ndiko fedha nyingi inapotea kimyakimya. Cheni butu haitangazi kwa sauti. Inatangaza kwa unga. Cheni kali hutema vipande vyenye umbo, na ikianza kutema unga laini kama wa muhogo, huku ukilazimika kuusukuma msumeno uingie, basi umeshachelewa kunoa. Hapa Dodoma kuna adui ambaye sikumsoma popote: udongo wa mchwa. Wakati wa kiangazi magome ya migunga na hata ya miarobaini hufunikwa na tabaka la udongo ambalo mchwa hujenga wanapokula gome lililokauka, na udongo huo una mchanga unaomaliza makali ya cheni mpya kabla hujafika katikati ya shina. Siku hizi mtu wetu mmoja anatangulia na panga, anakwangua udongo wote mahali ambapo msumeno utapita, ndipo tunakata. Kazi hiyo ya dakika 3 imepunguza kunoa kwetu kwa karibu nusu.

Tupa ya kunolea iwe ya mviringo na ya kipimo cha cheni husika. Cheni ya MS 170 inataka tupa ya milimita 4.0, ya MS 250 milimita 4.8, na ya MS 381 milimita 5.2. Nimewaona watu wazima wakinoa cheni zote tatu kwa tupa moja iliyochakaa, kisha wanalaumu cheni. Pembe ya kunolea ni nyuzi 30, kila jino lipitishwe tupa kwa idadi ileile, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje bila kurudisha kwa kukwaruza, na jino fupi kuliko yote ndilo linalowekwa kuwa kipimo cha mengine. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino liume kwa kina gani. Kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa takriban milimita 0.65, na baada ya kunoa mara kadhaa nacho kinapunguzwa kwa tupa bapa. Ukikisahau, cheni itakuwa kali kwa kidole na butu kwa mti. Ukikipunguza kupita kiasi, msumeno utaanza kurukaruka na kukuvuta, jambo ambalo vijana huliita nguvu.

Bapa ninaligeuza juu chini kila ninapobadili cheni ili lisilike upande mmoja, na mfereji wake ninauchokoa kwa kipande cha bati chembamba. Mkazo wa cheni ni ule unaokuruhusu kuivuta kwa mkono ikazunguka bila kuning'inia chini ya bapa. Na mkikaza cheni ikiwa ya moto, ilegezeni kazi ikiisha, kwa sababu ikipoa hujikunja na kuibana mashine. Kuhusu oili ya cheni, karibu kila mtu mjini anatumia oili chafu ya magari kwa kuwa ni ya bure au ya bei ya maji. Mimi pia niliitumia mwaka wa kwanza. Ina chembechembe za chuma zinazokwangua pampu na bapa, inarukia nguo na ngozi, na mwisho wa mwaka nililipia pampu ambayo bei yake ingeninunulia oili safi ya miezi mingi.

Kichujio cha hewa kinatolewa kila jioni wakati wa kiangazi, sio kila wiki kama baadhi ya vitabu vinavyoashiria. Kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kinakauka kivulini, na ndipo kinarudishwa. Wanaokipuliza kwa pampu ya kujaza upepo kutoka nje kwenda ndani wanalipeleka vumbi mahali lilipokuwa linataka kwenda. Mafuta ni suala fupi: petroli safi na oili ya 2T, mililita 20 kwa lita moja kwa oili iliyopendekezwa na mtengenezaji, au mililita 40 kwa lita kwa oili za kawaida, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usitiwe kwenye mashine. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam inaweza kutoa moshi mwingi na kukosa pumzi ikifika huku. Usianze kuchezea skrubu za kabureta; mpe fundi dakika 10.

Nirudi kwenye msumeno wa mkono, kwa kuwa hapo ndipo wateja wangu hunitilia shaka. Wangu ni Silky Zubat wa Kijapani, wenye ubapa wa sentimita 33 uliopinda kama pembe ya ng'ombe, unaokata unapovuta na sio unaposukuma, na unaokaa kwenye ala inayofungwa pajani. Siku moja Area D mama mwenye nyumba alisimama chini ya mwarobaini wake kwa muda, akanitazama nikivuta msumeno huku mashine zimelala kwenye nyasi, kisha akauliza kwa upole, "Fundi, mafuta yameisha?" Nilimjibu kwamba mafuta yapo, ila tawi hili nikilikata kwa mkono halitaniangukia. Ukweli ni kwamba tawi lenye unene wa sentimita 10 la mwarobaini mbichi linakwisha chini ya dakika moja, mkono wangu wa pili unaweza kulishika na kuliongoza mbali na bati, na sihitaji kuvuta kamba ya kuwashia nikiwa nimening'inia. Meno yake yamekomazwa kwa moto na tupa ya kawaida haiyaumi, hivyo ubapa ukiisha unanunua mwingine. Huo ndio upungufu wake mkubwa, pamoja na kwamba unakata nyama ya mkono kwa wepisi uleule. Glovu ni lazima.

Ipo pia misumeno ya mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya juu, yenye kishikio juu ya mwili, kama MS 201 T yenye sentimita za ujazo 35.2 na kilo 3.7. Niliitumia ya kuazima kwa wiki mbili na ni tamu kweli, inakaa mkononi kama redio. Utamu huo ndio hatari yake, kwa sababu inakushawishi uishike kwa mkono mmoja, na mtengenezaji mwenyewe anaielekeza kwa watu waliofunzwa kazi ya mtini tu. Sijainunua. Kazi inayohitaji mashine juu naifanya kwa MS 170, ikiwa imefungwa kwa kamba yake kwenye mkanda, mikono yote miwili ikiishika.

Kwenye vifaa vya kupandia ndiko ninakomwomba msomaji asome polepole. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma na ujenzi wa mji wake wa Mtumba kushika kasi, maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa mikanda ya usalama yenye pete mgongoni. Ni mikanda halali kwa kazi yake, ambayo ni kumdaka mtu akianguka kutoka kwenye jukwaa. Lakini mkata miti haanguki ndipo adakwe. Anakaa kwenye mkanda saa nzima akifanya kazi, na mkanda unaokuning'iniza kwa mgongo unakugeuza mzigo usioweza hata kulifikia tawi, huku mishipi ya mapajani ikizuia damu. Unaohitajika ni mkanda wa kukalia, wenye pedi pana kiunoni na mapajani, pete mbele kwenye kitovu na pete mbili za pembeni. Alama zake ni za viwango vya Ulaya, EN 813 na EN 358. Wangu ulitoka Dar es Salaam kwa basi baada ya kusubiri miezi miwili, na sikuwahi kusubiri kitu kwa faida kubwa zaidi.

Kamba nayo ina mtego wake. Kamba ya manila ya dukani, ile ya buluu au kijani inayofungia mizigo kwenye lori, haina nafasi juu ya mti, hata iwe nene kama kifundo cha mguu, kwa kuwa huyeyuka kwa msuguano na jua huila haraka. Kamba za wapanda milima, ambazo hupatikana upande wa Moshi, ni imara lakini zimetengenezwa zivutike ili kupunguza kishindo cha kuanguka. Ukizifanyia kazi ya mti unapanda hatua moja na kushuka nusu. Inayofaa ni kamba isiyovutika sana, ya milimita 11 hadi 13, yenye alama EN 1891 aina A, ambayo kwa kiwango hicho inapaswa kuhimili angalau kilonyutoni 22, yaani zaidi ya uzito wa tani 2 kabla ya kuzingatia mafundo, ambayo huipunguza nguvu sana. Ombeni kuona mwisho uliokatwa: ndani ya kiini cha kamba halali kuna utepe mwembamba ulioandikwa kiwango, mwaka na jina la mtengenezaji. Muuzaji wa kwanza niliyemwomba aliniambia utepe huo ni uchafu wa kiwandani, na kamba yake haikuwa nao.

Karabina ziwe za kufunguka kwa vitendo vitatu, kusukuma, kuzungusha na kuvuta, kwa sababu tawi likisugua karabina ya kawaida linaweza kuifungua bila kukutaarifu. Ninapotumia msumeno wowote juu, nafungwa mahali pawili: kamba kuu iliyopita juu yangu, na kamba fupi yenye waya wa chuma ndani inayozunguka shina. Waya huo unasaidia msumeno wa mkono ukiteleza, lakini hauizuii cheni ya mashine, na pia unapitisha umeme. Karibu na nyaya hatupandi hadi TANESCO wawe wamekata umeme, hata mwenye nyumba akisema waya ule ni wa simu. Njumu za chuma za kuchoma shina tunazivaa kwenye mti unaoangushwa tu. Kwa mti unaobaki hai kila tundu ni mlango wa kuoza.

Jambo moja halimo kwenye katalogi yoyote. Kabla ya kurusha kamba tunauzunguka mti na kusikiliza, kwa sababu nyuki wa huku hupenda matundu ya migunga na mibuyu, na kishindo pamoja na harufu ya mashine huwaudhi. Mtu aliyefungwa kamba mbili hawezi kukimbia.

Utunzaji wa vifaa hivi ni rahisi kuuelezea na rahisi kuusahau. Kamba na mkanda havianikwi juani wala kuachwa nyuma ya gari, havikai stoo moja na betri kwa sababu asidi huila nailoni bila kuacha doa la kuonekana, na vinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kivulini. Kila asubuhi naipitisha kamba yote vidoleni, futi kwa futi, nikitafuta mahali palipokakamaa, palipolegea au palipong'aa kwa joto. Baadhi ya watengenezaji hutaja miaka 10 kuwa mwisho wa bidhaa za nguo na plastiki hata zikitunzwa. Kwa jua letu na kazi ya kila wiki, mimi siivushi kamba miaka mitatu.

Suruali yenye tabaka la nyuzi za kuisimamisha cheni ninayo ya daraja la 1, iliyopimwa kwa cheni inayokwenda mita 20 kwa sekunde. Ni ya joto mno, hilo siwezi kulificha, na ndiyo sababu tunaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuzima mashine kabla ya saa tano. Helmeti yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio ilikuwa rahisi kuipata na haina la kusimulia.

Kamba yangu ya kwanza ilipotimiza muda niliitundika stoo nikidhani itafaa kufungia mbuzi. Miezi miwili baadaye nilimkuta kijana wa jirani akiwa juu ya mzambarau kwa kamba hiyohiyo, mbuzi akiwa huru kwenye mchicha. Iliyofuata niliikata vipande vya urefu wa mkono siku ileile ya kuistaafisha, na ya sasa nimeiandika tarehe yake kwa rangi nyekundu mwishoni.

Ule msumeno mkubwa niliutangaza mwezi uliopita. Alikuja mpasua mbao kutoka Mpwapwa, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akauwasha kwa mvuto wa pili, akaniuliza ilikuwaje nikanunua mashine ya namna hii kwa ajili ya matawi. Tulikubaliana bei bila kuvutana sana, na juzi aliondoka nao pamoja na tupa zake mbili za milimita 5.2.